Watoto Watukutu katika Shule ya Jumapili: Mwongozo kwa Walimu

Utundu wa darasa la watoto kanisani unajulikana. Mmoja anamvuta mwenzake nywele wakati wa sala, wawili wanagombania nafasi ya kuegemea ukuta, wa nyuma wanacheka kila mwalimu anapogeukia ubao, na mdogo wa miaka minne anachomoka mbio kumtafuta mama yake katikati ya mahubiri. Mwalimu wa shule ya msingi hukutana na mambo hayohayo, lakini yeye ana kengele, mtihani, mwalimu mkuu na uwezo wa kumwita mzazi kwa barua. Mwalimu wa Shule ya Jumapili hana hata kimoja. Anajitolea, anaonana na watoto mara moja kwa juma, mara nyingi chini ya mwembe au kwenye chumba cha nyuma ya madhabahu, na watoto wanajua fika kwamba hakuna atakayerudia darasa kwa kushindwa kusimulia habari za Yona. Ndiyo maana mbinu za shuleni zikihamishiwa kanisani kama zilivyo hushindwa.

Tena, ukorofi haukulivamia darasa hili njiani. Ndio uliolizaa. Mwaka 1780 huko Gloucester, Uingereza, Robert Raikes, mwenye gazeti la mji huo, alianza kuwakusanya watoto waliofanya kazi siku sita na kuzurura mitaani siku ya saba wakipigana na kutukana. Madarasa ya namna hiyo yalikuwepo kabla yake. Hannah Ball alikuwa na lake High Wycombe tangu 1769. Hata hivyo, gazeti la Raikes ndilo lililoyatangaza hadi yakaenea. Utulivu haukuwa sharti la kuandikishwa. Mwalimu wa leo anayesema kwamba angefundisha vizuri kama wale watano wasingekuja, anataka kuwaondoa wale ambao darasa lilianzishwa kwa ajili yao.

Kelele zinatoka wapi

Sehemu kubwa ya vurugu za Jumapili hutokana na jinsi darasa lilivyopangwa, si tabia ya mtoto. Saa ni ya kwanza kuchunguzwa. Ibada ya kwanza katika sharika nyingi huanza saa moja asubuhi, na mtoto aliyeamshwa alfajiri, akaogeshwa na kuvalishwa, huenda hajanywa chai. Ikifika saa tatu njaa imeshafanya kazi yake. Mtoto mwenye njaa haombi ruhusa ya kuchoka, anaanza kuchokoza. Baadhi ya sharika hupika uji kwa zamu za akina mama, na kikombe kimoja kabla ya somo kina nguvu kuliko makaripio kumi baada yake.

La pili ni umri. Darasa moja likiwa na mtoto wa miaka mitatu na wa miaka kumi na mitatu, hakuna somo litakalowafaa wote. Ukifundisha kwa ajili ya wadogo, wakubwa wanaona wanafanywa watoto wachanga. Ukifundisha kwa ajili ya wakubwa, wadogo wanaanza kuvua viatu na kutupiana. Mgawanyo wa makundi matatu unatosha kwa sharika nyingi: wasiojua kusoma, wanaojifunza kusoma, na wanaosoma vizuri. Kigezo cha kusoma kinafaa kuliko miaka ya kuzaliwa, kwa sababu ndicho kinachoamua kama mtoto atashika Biblia au atasikiliza hadithi. Vyumba visipotosha, kivuli cha mti wa pili kinatosha, alimradi makundi yasisikilizane na watoto wasielekee barabarani wala uwanja wa mpira.

La tatu husahaulika mno: darasa la kanisani halina saa ya kwisha. Linakwisha ibada ya wakubwa inapokwisha. Mwalimu ameandaa somo la dakika ishirini na tano, amelimaliza, watoto wameomba sala ya kufunga, halafu ndani ya kanisa ndiyo kwanza mhubiri anaingia hoja ya pili, na matangazo, sadaka na michango ya ujenzi bado. Nusu saa hiyo tupu ndiyo inayozaa ngumi. Mwalimu mzoefu haingii darasani na somo moja. Anakuwa na akiba: hadithi fupi ya pili, mchezo wa maswali, wimbo wa vitendo, kazi ya kuchora. Akiba isipotumika Jumapili hii inangoja ijayo.

Liko pia suala la lugha. Katika vijiji vingi mtoto wa miaka minne anazungumza Kisukuma, Kihaya au Kinyakyusa, na Kiswahili anakisikia kwa mbali. Mijini wapo wanaosoma shule za Kiingereza ambao maneno ya Biblia ya Kiswahili kama "ghadhabu" na "utakaso" hayajawahi kupita masikioni mwao. Mtoto asiyefuata kinachosemwa atajitafutia la kufanya. Mwalimu abadilishe neno kabla ya kumlaumu mtoto.

Kulipanga darasa

Darasa la watoto zaidi ya kumi na watano linahitaji watu wazima wawili. Mmoja anafundisha, wa pili hafundishi kabisa. Huyu wa pili anazunguka, anakaa katikati ya wanaochokozana, anampeleka mdogo chooni, anampokea aliyechelewa bila kulikatiza somo. Mwalimu aliye peke yake analazimika kuacha kusimulia kila mara ili amkemee mtu, na kila akiacha, anawapoteza hata waliokuwa wanasikiliza. Kuwepo kwa wawili ni ulinzi pia. Mtoto hapaswi kubaki na mtu mzima mmoja ndani ya chumba kilichofungwa, na kanuni hiyo inamlinda mtoto na mwalimu vilevile.

Mwalimu afike kabla ya watoto. Hili linaonekana dogo, lakini darasa lililokusanyika dakika kumi bila mtu mzima limeshajipatia viongozi wake, na viongozi hao si wale ambao mwalimu angewachagua. Mikeka au mabenchi yapangwe nusu duara, mwalimu awe karibu kiasi cha kufika kwa kila mtoto kwa hatua chache. Safu ndefu za mabenchi huzaa watu wa nyuma, na watu wa nyuma huzaa kikao chao. Marafiki wanaochocheana wakae mbali, lakini watenganishwe kabla ya kosa, wakati wa kuingia, kwa kupewa nafasi. Wakitenganishwa baada ya kosa inakuwa adhabu, na watatumia muda uliobaki kutumiana ishara.

Kanuni za darasa ziwe chache, tatu au nne, na zitamke la kufanya badala ya la kuacha: anayezungumza anasikilizwa, mikono inakaa kwa mwenyewe, anayetaka kutoka anaomba. Watoto wenyewe washirikishwe kuzitunga Jumapili ya kwanza ya mwaka au ya muhula. Mara nyingi wanapendekeza kali kuliko za mwalimu, naye ndiye anayelazimika kuzipunguza. Kanuni ambayo mwalimu hawezi kuisimamia kila juma isiwekwe. Watoto huhesabu mara ambazo mtu mzima amesema jambo asilitimize.

Ishara moja ya kunyamaza ichaguliwe na isibadilike. Makofi ya mpangilio ambayo watoto huyaitikia yanafanya kazi; mkono ulioinuliwa kimya nao unafanya kazi. Kupaza sauti hakufanyi kazi, kwa sababu mwalimu anayepiga kelele juu ya kelele anawafundisha kwamba sauti ya kawaida haina haja ya kusikilizwa. Mwalimu atoe ishara, anyamaze, na asubiri mpaka anyamaze wa mwisho, hata kama Jumapili za mwanzo kusubiri huko kutaonekana kurefu sana. Akianza somo katikati ya minong'ono, ameshakubali minong'ono iwe sehemu ya somo.

Kuzipa nguvu za watoto kazi

Mtoto mdogo hawezi kukaa kimya kwa dakika nyingi, na hakuumbwa hivyo. Somo la wadogo lisipite dakika kumi bila wao kusimama, kuimba au kushika kitu. Utaratibu unaofaa hupishanisha utulivu na mwendo: wimbo wa vitendo, sala fupi, hadithi, igizo, mstari wa kukariri, kuchora. Sala iwe fupi kweli. Sala ya mwalimu ya dakika tano, macho yote yakiwa yamefumbwa, ni nafasi ya dhahabu kwa mwenye kufinya.

Hadithi ndiyo nguzo ya darasa, na Waswahili hawana haja ya kwenda mbali kutafuta ufundi wake. Msimulizi wa paukwa na pakawa hakuwahi kuwaambia wasikilizaji wanyamaze, aliwapa kiitikio. Hadithi ya Biblia inaweza kusimuliwa kwa namna hiyohiyo. Katika habari za dhoruba ya Galilaya, kundi moja linakuwa upepo, jingine mawimbi, na wale wenye sauti kubwa kuliko wote wanapewa radi. Mwalimu anayecheza nafasi ya Yesu anainua mkono, na bahari inatulia. Watoto waliokuwa wanapiga kelele dhidi ya somo sasa wanapiga kelele ndani yake, na wananyamaza kwa sababu hadithi inawataka wanyamaze. Yeriko nayo inafaa: siku sita za kuzunguka kimya kabla ya kelele moja ya siku ya saba ni zoezi zuri la kujizuia kuliko hotuba yoyote juu ya adabu.

Vifaa visizuie kazi. Udongo wa mfinyanzi hutengeneza kondoo wa mchungaji mwema, magazeti ya zamani hukatwa picha, maboksi huwa safina. Mtoto ambaye mikono yake ina kazi ana nafasi ndogo ya kumfikia jirani.

Majukumu nayo husaidia: kukunja mkeka, kugawa karatasi, kuandika mahudhurio, kupokea sadaka ya watoto, kuongoza wimbo. Kuna walimu ambao kila mara humpa kazi mtoto mkorofi ili atulie. Inafanikiwa kwa mwezi mmoja, kisha watulivu wanagundua kwamba utundu ndio unaolipa. Majukumu yaende kwa zamu iliyoandikwa, na mtukutu apate zamu yake kama wengine, wala asinyimwe siku yake kwa sababu ya kosa la Jumapili iliyopita. Pipi ni hadithi hiyohiyo. Mwalimu anayenunua utulivu kwa pipi atapandishiwa bei.

Kosa linapotokea

Kosa dogo lirekebishwe bila darasa kujua. Mwalimu anaendelea kusimulia huku akimtazama mhusika. Akiendelea, anasogea na kusimama karibu naye. Akizidi, anamtaja kwa jina ndani ya sentensi ya hadithi. Watoto wengi huishia hapo. Jina ndiyo silaha, kwa hiyo mwalimu asiyeyajua majina ya watoto wake hana cha kushika. "Wewe wa shati jekundu" haimrudishi mtu.

Likiwa kosa kubwa, kama kupigana, kutukana au kumnyanyasa mdogo, msaidizi amtoe mtoto pembeni, mahali panapoonekana, amkalishe mpaka hasira ipoe. Mtoto asifukuzwe nje ya darasa akabaki peke yake. Mzazi yuko ibadani akiamini mtoto yuko kwa mwalimu, na nje kuna barabara, kisima na wapita njia. Mazungumzo yafanyike baada ya kipindi, wawili wakiwa wamekaa, si mmoja amesimama juu ya mwenzake. Swali la "kwa nini umefanya hivi?" kwa kawaida halijibiwi, kwa kuwa mtoto mwenyewe hajui. "Ilikuwaje?" huleta maelezo. Kisha atengeneze alichoharibu: aombe radhi, aokote alivyomwaga, amrudishie mwenzake nafasi. Jumapili inayofuata apokelewe kama wengine, bila kukumbushwa.

Fimbo ina watetezi wake, na karibu wote wanaanzia Mithali 13:24. Hoja hiyo ya malezi wakaijadili nyumbani na kwenye semina za wazazi. Mwalimu wa kujitolea hana mamlaka ya kumpiga mtoto wa mtu. Nchini Kenya, Ibara ya 29 ya Katiba ya mwaka 2010 inakataza adhabu ya viboko. Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtendea mtoto ukatili au kumpa adhabu ya kumdhalilisha, na hata shuleni, ambako kanuni bado zinaruhusu kiboko, ruhusa ni ya mwalimu mkuu au mtu aliyemteua kwa maandishi, na viboko havizidi vinne. Hakuna kanuni inayompa mamlaka hayo mwalimu wa Shule ya Jumapili.

Zipo adhabu nyingine ambazo hazina fimbo lakini zinaharibu zaidi, na ni za kanisani hasa. Kumpigisha mtoto magoti kama adhabu kunayafanya magoti ya sala kuwa magoti ya aibu. Kumwandikisha mstari wa Biblia mara hamsini kunamfundisha kwamba Neno ni kiboko cha karatasi. Kutishia moto wa jehanamu kwa sababu ya kucheka darasani ni kulitumia fundisho zito kwa kosa jepesi, na mtoto mwoga ataota usiku huku mkorofi akicheka zaidi. Katika kundi hilo imo pia habari ya Elisha na vijana arobaini na wawili walioraruliwa na dubu, ambayo walimu waliokata tamaa huikumbuka ghafla. Si hadithi ya kutulizia watoto wa miaka sita.

Watoto wanaohitaji jicho la pekee

Wavulana wa miaka kumi na moja hadi kumi na minne ndio wanaowashinda walimu wengi. Wamekwisha kuyaona masomo yote ya Daudi na Goliathi, miguu yao haienei kwenye benchi la watoto, na darasa la kipaimara bado halijawapokea au halijawachangamkia. Kuwabana zaidi hakusaidii. Watengewe kundi lao, wapewe maswali ambayo mwalimu mwenyewe hana jibu la haraka, washike ngoma na kinanda, wachache wapewe wadogo wa kuwasaidia kusoma. Mwalimu mwanamume anahitajika hapa. Sharika nyingi huwaachia wanawake na wasichana kazi yote ya watoto, kisha hushangaa wavulana wanapoona kanisa si mahali pa wanaume.

Mtoto wa mchungaji, wa mzee wa kanisa au wa mfadhili mkubwa ni jaribu la aina yake. Walimu humwogopa, naye hulijua hilo mapema. Wengine hukosea upande wa pili na kumwambia kwamba mtoto wa mtumishi hapaswi kufanya hivyo, maneno ambayo ameshayasikia kwa kila mtu hadi yamemchosha. Kanuni ya darasa ni moja, na kosa lake ni kosa la mtoto, si la madhabahu.

Wapo wanaoonekana watundu kumbe hawasikii vizuri, hawaoni ubao, wana kifafa au usonji, au wana hali inayowafanya washindwe kutulia hata wakitaka. Mwalimu si daktari, asitoe jina la ugonjwa. Anachoweza ni kuwauliza wazazi kwa upole jinsi mtoto alivyo nyumbani na shuleni, kumweka mbele, kumpunguzia kelele, kumpa ruhusa ya kutembea kidogo, na kushauri aonwe na mtaalamu.

Anayetakiwa kumshtua mwalimu kuliko wote ni yule aliyebadilika. Mpole aliyeanza kupiga wenzake, mchangamfu aliyenyamaza, anayeruka akiguswa begani, asiyetaka kurudi nyumbani. Nyuma ya mabadiliko ya namna hiyo huweza kuwa msiba, wazazi kuachana, au ukatili. Akianza kueleza, mwalimu asikilize bila kumhoji kama polisi, asiahidi kutunza siri, wala asimwite mtuhumiwa ili "wapatanishwe" ofisini kwa mchungaji. Taarifa iende kwa ofisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Tanzania na Kenya zote zina namba ya simu 116 kwa ajili ya watoto, na kupiga ni bure.

Wazazi na usharika

Mzazi asisikie habari za mtoto wake siku ya kosa tu. Mwalimu ambaye amewahi kumwambia mama kwamba mtoto wake ameimba vizuri atasikilizwa atakapoleta malalamiko. Mahali nako kuna uzito: uwanja wa kanisa baada ya ibada, watu wakiwa kwenye mnada wa sadaka na kila jirani ametega sikio, si mahali pa kushitaki. Mzazi aliyeaibishwa hadharani ama atamtandika mtoto palepale ili aonekane mlezi, ama atamgeukia mwalimu. Simu ya jioni au kikao cha dakika chache pembeni hufaa, na mazungumzo yaanze kwa kuuliza, maana mzazi huwa anajua njia ya kumtuliza mtoto ambayo mwalimu hajaifikiria.

Uongozi nao una deni. Walimu wa watoto ndio wanaokosa mahubiri mwaka mzima, wanaonunua chaki kwa fedha zao, na wanaopangiwa kazi hiyo kwa sababu hawakuwa na nafasi kwenye kwaya. Mwalimu aliyechoka ana hasira fupi, na hasira fupi huzaa darasa korofi. Zamu ya Jumapili moja kati ya tatu ya kukaa ibadani, semina walau moja kwa mwaka, na fungu la vifaa kwenye bajeti si upendeleo. Wazee wa kanisa wanaolalamika kwamba kelele za watoto zinaingia mpaka madhabahuni wapange zamu, kila Jumapili mmoja wao atoke aende kukaa kwenye mkeka akiwa mtu mzima wa pili.